Pancha ya nyuma ya pikipiki njiani: nani kakwambia lazima utoe gurudumu?

#1 Mwisho_wa_Reli

Wakuu, salaam.

Nina hoja, tuijadili kifundi bila matusi. Kijiweni, kuanzia Mwandiga mpaka Kasulu mjini, fundi akiletewa pancha ya nyuma cha kwanza anashusha gurudumu zima. Sawa, yeye ana spana zote, ana kivuli, ana kompresa. Tatizo watu wameibeba tabia hiyo mpaka porini. Unamkuta mtu kakwama kati ya Uvinza na Nguruka, kafungua ekseli (chuma cha katikati ya gurudumu), washa ya nati imezama mchangani, bushi hajui ilitoka upande gani, na jua ndiyo hilo linazama.

Mimi nasema hivi: msumari ukiuona kwa macho, gurudumu la nyuma halitolewi njiani.

Pandisha pikipiki stendi ya katikati. Kama ardhi ni mchanga, weka ndala au kipande cha ubao chini ya stendi. Kabla hujachomoa msumari, kwaruza alama ubavuni mwa tairi pale ulipo, maana ukishachomoka raba inajifunga na tundu hulioni tena. Toa pini ya vali, upepo uishe wote. Zungusha gurudumu mpaka alama ije nyuma kabisa, nje ya swingamu (mikono ya fremu inayoshika gurudumu la nyuma) na mbali na eksozi. Bandua mdomo wa tairi (ukingo unaokaa ndani ya rimu), ingiza liva (chuma cha kubandulia tairi), fungua upande mmoja tu, kama theluthi ya mzunguko. Vuta tyubu pale penye tundu, ziba, rudisha, jaza. Vali haijatoka kwenye rimu, cheni haijaguswa, breki haijaguswa.

Nawasilisha.

#2 Spana_Kumi_na_Saba

Naunga mkono hoja, ila umeruka sehemu inayowatoa watu jasho. Mdomo wa tairi una waya ndani, hautanuki hata ukiuvuta na ng'ombe. Unatoka kwa sababu rimu ina bonde katikati. Ukiingiza liva saa kumi na mbili, mdomo wa upande wa pili, saa sita, lazima uwe umezama ndani ya bonde hilo. Ukizama, unapata nafasi ya sentimita moja au mbili upande wa liva, na tairi inafunguka kwa mkono mmoja. Usipozama, utapinda liva, utakata mdomo, kisha utasema tairi ni ngumu.

Kwa hiyo magoti yabane upande wa pili muda wote. Na liva ziwe mbili au tatu, fupi za sentimita 20 hivi, ncha butu ya mviringo. Unachukua sentimita tano au saba kila hatua, si kiganja kizima.

Atakayetumia bisibisi namwambia mapema: utaziba tundu moja na kutoboa mawili.

#3 Mnyamwezi_wa_Asali

Watu wa mwisho wa reli bwana, mna misumari inayoonekana kwa macho. Huku Sikonge na Ipole kiangazi kikishika, tairi inaokota miiba ya mgunga, na mwiba ukiingia unakatikia ndani. Juu huoni kitu. Na haji mmoja, wanakuja watatu wanne kwa mpigo. Hiyo theluthi yako utaifungulia wapi?

#4 Mwisho_wa_Reli

@Mnyamwezi_wa_Asali hoja yako nimeipokea, mkuu. Usipoona tundu unatoa tyubu yote. Lakini hata hapo gurudumu linabaki mahali pake. Fungua upande mmoja mzunguko mzima, sukuma vali ndani, vuta tyubu yote nje. Itaning'inia imeizunguka ekseli kama mkufu. Ijaze upepo, isikilize, pitisha karibu na shavu au mdomo, utasikia inapopuliza. Maji kidogo ya kunywa na sabuni yanatosha kwa tundu dogo.

#5 Mbigili_Mkavu

Hapo kwenye mkufu ndipo siri ilipo, na sijui kwa nini mleta uzi kapita haraka. Tyubu iliyozunguka ekseli unaweza kuiziba. Huwezi kuibadilisha, maana ni duara lisilo na mlango, na ekseli iko katikati yake. Kwa hiyo ukibeba tyubu ya akiba bila spana za ekseli umebeba pambo. Chagua: ama viraka na liva tu, ama tyubu mpya pamoja na spana zake.

Na tyubu ikichanika shina la vali, kiraka hakina kazi. Hapo ni kubadili tu.

#6 Dada_wa_Heru

Ndiyo maana spana zibebwe. Kutoa gurudumu kunawashinda wengi kwa sababu wanafungua bila mpangilio.

Anza na fimbo ya breki: fungua nati yake ya kurekebishia, chomoa fimbo, kisha mara moja rudisha springi, kipini na nati kwenye fimbo hiyohiyo. Usivitie mfukoni. Pili mkono unaozuia sahani ya breki isizunguke, una boliti na pini ya usalama. Tatu legeza nati ya ekseli, halafu hesabu alama za kirekebisha cheni pande zote mbili uziandike hata mkononi kwa kalamu. Nne chomoa ekseli kwa kuigonga taratibu, na nati iwe imerudishwa nusu ili usiharibu hesi. Bushi ya upande wa breki itadondoka yenyewe, iokote uivishe kwenye ekseli kwa mpangilio uleule ilivyokuwa.

Pikipiki za Boxer na jamaa zake wengi, ukivuta gurudumu kuelekea kulia linaachana na raba za habu (kitovu cha gurudumu), na sproketi (gia ya cheni) inabaki na cheni yake. Huchafuki mikono.

Wakati wa kurudisha, watu wanasahau ule mkono wa sahani ya breki. Ukiuacha wazi, siku utakayokanyaga breki kwa nguvu sahani inazunguka na gurudumu, fimbo inajikunja, na gurudumu linajifunga. Hiyo haina pancha tena, hiyo ni hospitali.

#7 Kiraka_Baridi

Dada umetisha. Nyongeza ndogo: si zote. Kuna pikipiki ambazo sproketi imefungwa moja kwa moja kwenye habu, hapo lazima cheni itoke. Sukuma gurudumu mbele, ishushe cheni pembeni, ndipo uvute nyuma. Na nati ya upande wa sproketi, ile kubwa, kwenye Boxer usiiguse kabisa. Wengi wanaifungua wakidhani ndiyo ya ekseli.

#8 Tandika_Mkeka

Nimekaa siti ya mbele. Swali: kwa nini kila siku ni tairi la nyuma? La mbele linapita palepale, tena ndilo linatangulia.

#9 Spana_Kumi_na_Saba

@Tandika_Mkeka msumari umelala chali barabarani. Tairi ya mbele inaukanyaga, inauinua na kuusimamisha. Ya nyuma inafika umeshasimama, unaingia.

#10 Mzee_wa_Rimu

Hiyo ya msumari kusimamishwa inatajwa sana, ila haielezi miiba. Mwiba wa mgunga unatoboa ukiwa umelala vyovyote. Mimi naweka uzito. Abiria, gunia na dereva wote wako nyuma. Dumu la lita 20 za mawese peke yake ni kama kilo 18, na mtu anafunga manne. Tairi yenye mzigo inalala chini zaidi, eneo linalogusa barabara linakuwa kubwa, na kila kitu chenye ncha kinasukumwa kwa nguvu zaidi.

#11 Mbigili_Mkavu

Wote mmesahau kuisha. Ya nyuma ndiyo inayosukuma na ndiyo inayosuguliwa na breki za ghafla. Inaisha kabla ya ya mbele, na raba ikishakuwa nyembamba katikati hata kipande cha kioo kinafika ndani. Linganisha tairi mbili zenye kashata (meno ya tairi) sawa, nyuma na mbele, mzigo mmoja, ndipo tujue nani anasema kweli.

#12 Mnyamwezi_wa_Asali

@Mbigili_Mkavu na hilo jina lako, mbigili yenyewe haifiki tyubu ya pikipiki yenye kashata. Mwiba wake ni mfupi. Ule unawaua wa baiskeli. Ukiona mbigili imetoboa pikipiki, ujue tairi imebaki karatasi.

#13 Mbigili_Mkavu

Jina nilipewa na bibi, usinitafutie ubaya 😂 Lakini ndicho nilichosema: kuisha.

#14 Bodi_la_Gungu

Turudi kwenye viraka, maana watu watabanduliwa njiani. Viraka vingi havishindwi na upepo, vinashindwa na haraka.

Solusheni (gundi ya viraka) haigandishi ikiwa mbichi. Unapaka nyembamba, eneo kubwa kuliko kiraka kwa sentimita moja kila upande, kisha unasubiri. Dakika tatu mpaka tano, zaidi kama kuna unyevu. Jaribu kwa mgongo wa kidole pembeni: isipovuta uzi, iko tayari. Ukibandika ikiwa bado inang'aa, kimiminika kinanaswa chini ya kiraka. Asubuhi kinashika, saa nane mchana tairi imepata moto kile kimiminika kinatengeneza mapovu na kiraka kinajinyanyua kuanzia katikati.

Kabla ya hapo msasa. Tyubu mpya ina ngozi laini inayong'aa kutoka kiwandani, na gundi haiishiki ngozi hiyo. Kwaruza mpaka iwe nyeusi kavu isiyong'aa. Ule mshono ulioinuka uliopita katikati ya tyubu usipousawazisha kwa msasa, upepo utapita chini yake kama mfereji.

Baada ya kubandika, gandamiza kutoka katikati kwenda kingo kwa mpini wa spana. Mwisho pakaa vumbi kavu au majivu juu yake, isije ikang'ang'ania ndani ya tairi.

#15 Kiraka_Baridi

Nakazia. Naongeza: pangusa kwa petroli baada ya msasa.

#16 Bodi_la_Gungu

Hapo tunatofautiana, kaka. Petroli inaacha mafuta yake. Hasa ile ya chupa ya dukani kijijini, hujui imekaa kwenye chombo gani. Futa vumbi la msasa kwa kitambaa kikavu, basi. Kama lazima petroli, kidogo sana, na iachwe ikauke kabisa kabla ya solusheni.

#17 Kiraka_Baridi

Tyubu iliyolowa jasho la mikono na grisi ya cheni utaifuta na kitambaa kikavu? Grisi itahama tu kutoka hapa kwenda pale. Petroli inaondoa grisi. Kosa si petroli, kosa ni kupaka solusheni juu ya petroli mbichi.

#18 Kijiwe_Cha_Moto

Ninyi wa kiraka baridi mtabishana mpaka kesho. Kuchoma ndiyo dawa. Kipande cha raba mbichi juu ya tundu, kibano, pistoni kuukuu juu yake, kijiko cha petroli ndani ya pistoni, washa. Ikizima acha ipoe yenyewe kabla hujafungua kibano. Raba inakuwa kitu kimoja na tyubu, hakuna cha kubanduka. Ndiyo kazi ya kiberiti (salfa, si cha njiti) kwenye raba, aliyoigundua Charles Goodyear mwaka 1839.

#19 Mzee_wa_Rimu

Kuchoma ni kuzuri kijiweni. Njiani utabeba pistoni na kibano? Na ukizidisha petroli, raba ya pembeni inakauka na kuwa kama biskuti. Pancha ya pili itatokea pembezoni mwa kiraka, mstari mwembamba wa nusu duara. Ukiona hiyo, jua ni moto ulizidi.

#20 Tandika_Mkeka

Kumbe Goodyear. Mimi nilidhani mambo yote ya tairi kaanza Dunlop.

#21 Kijiwe_Cha_Moto

Dunlop ndiye wa tairi la upepo, 1888, kule Belfast. Alikuwa daktari wa mifugo, alimtengenezea mwanawe baiskeli ya magurudumu matatu.

#22 Mzee_wa_Rimu

Sahihisho: Robert William Thomson, Mskoti, alikata hataza ya tairi la upepo 1845. Halikushika soko. Dunlop alikuja kugundua upya zaidi ya miaka 40 baadaye. Turudi kwenye pancha.

#23 Mtu_wa_Nguruka

Wakuu, nina kisa cha kiufundi, mnipe sababu. Rimu ya spoku, tairi 3.00-17 (upana inchi 3, rimu inchi 17), tyubu mpya. Imezibwa mara tatu ndani ya wiki mbili, kila mara tundu jipya, na yote matatu yako eneo moja la tyubu. Tairi imekaguliwa kwa mkono, hakuna kitu. Nini hiki?

#24 Spana_Kumi_na_Saba

Matundu yako upande gani wa tyubu? Upande wa barabara au upande wa rimu?

#25 Mtu_wa_Nguruka

Mawili upande wa barabara. Moja sikuangalia.

#26 Spana_Kumi_na_Saba

Basi ni waya. Tairi za malori zinazochomwa pembeni mwa barabara zinaacha nyaya nyembamba kama unywele. Waya ukiingia kwenye raba unakaa ndani, ukipitisha kidole tairi likiwa halina mzigo huusikii. Likibeba mzigo likajikunja, waya unatokeza ndani milimita moja, unachoma, unarudi.

Usitumie kidole. Chukua pamba au soksi kuukuu, ifute ndani ya tairi pande zote mbili za mwendo. Itakaponasa uzi wa pamba, hapo ndipo. Kisha likunje tairi kwa nje eneo lile, tazama kwa mwanga.

Na siku zote rudisha tyubu na tairi katika mkao uleule. Tia alama ubavuni mwa tairi panapoelekea vali. Tundu likiwa sentimita 40 kutoka kwenye vali, unapima sentimita 40 kwenye tairi na unajua pa kutafuta. Bila alama hiyo unapapasa duara zima.

#27 Mzee_wa_Rimu

Inaweza kuwa waya. Lakini eneo moja, tyubu mpya, naanza na mkunjo. Je tyubu ni ya 17 kweli? Tyubu ya 18 ikiingizwa kwenye rimu ya 17 inazidi urefu, inajikunja mahali pamoja, na mkunjo ule unasuguana wenyewe kwa wenyewe mpaka unatoboka. Matundu yake hayana umbo la msumari, ni mpasuko mdogo kwenye mstari. Soma maandishi kwenye tyubu yenyewe, usisome boksi.

Na kinyume chake, tyubu ya 2.75 ndani ya tairi pana inatanuka mpaka inakuwa nyembamba kama puto, chochote kinaitoboa.

#28 Bodi_la_Gungu

Au aliyefunga hakuijaza upepo kidogo kabla ya kuiingiza. Tyubu iingie ikiwa na upepo wa kuipa umbo la duara tu. Ukimaliza, jaza, toa wote, jaza tena. Ule upepo wa kwanza ukitoka, tyubu inajinyoosha mikunjo.

#29 Dada_wa_Heru

Lile moja ambalo hakuliangalia ndilo linanitia shaka. Kama lilikuwa upande wa rimu, ni spoku. Ncha ya spoku ikikazwa inapita nje ya nati yake na kuchoma tyubu. Angalia utepe wa raba unaozunguka rimu: umehama? umechanika? Ncha iliyotokeza inasawazishwa kwa tupa, kisha utepe unarudishwa. Kipande cha tyubu kuukuu kilichokatwa kwa upana wa bonde la rimu kinafanya kazi ileile, mradi kisiwe na viungo vinene.

#30 Mnyamwezi_wa_Asali

Mimi naongeza ya nne: upepo mdogo. Matundu mawili jirani, kama meno ya nyoka, sentimita moja au mbili kati yake, ni tyubu iliyobanwa kati ya rimu na shimo la barabara. @Mtu_wa_Nguruka unajaza ngapi?

#31 Mtu_wa_Nguruka

Kwa kubonyeza kwa kidole gumba.

#32 Mnyamwezi_wa_Asali

Mgonjwa kajitambulisha mwenyewe.

#33 Spana_Kumi_na_Saba

😂😂 Kidole gumba hakijui psi (kipimo cha upepo). Boxer ya kawaida: mbele 25, nyuma 28 ukiwa peke yako, 32 ukiwa na abiria. Kipimo kidogo cha kalamu kinaingia mfukoni.

#34 Bodaboda_Mwandiga

Hizo 32 ni za kitabu. Ukipanda Manyovu na magunia mawili ya mkaa nyuma, 32 tairi linatambaa. Wenzenu tunatia 40.

#35 Mzee_wa_Rimu

Ukitia 40 ondoa na kiti cha nyuma kabisa, maana abiria atatupwa. Tairi lililojaa sana linagusa katikati tu, linaisha mstari wa kati, na likikutana na jiwe kali halijikunji, linapasuka. Kama mzigo unataka 40, tatizo ni mzigo.

#36 Bodaboda_Mwandiga

Mzigo ndio unalipa, mzee wangu.

#37 Spana_Kumi_na_Saba

Jambo moja hapa wanalikosea wote wawili, wa 32 na wa 40: kupima tairi likiwa la moto. Upepo uliopimwa 28 asubuhi kwa joto la nyuzi 25, tairi ikifika 60 mchana inasoma kama 33. Hujajaza kitu, ni joto. Ukipunguza kurudi 28, kesho asubuhi utaamka na 23. Ndipo yale meno ya nyoka yanapokuja. Pima kabla hujatembea.

#38 Tandika_Mkeka

Na ukiwa porini huna kompresa, pampu ya baiskeli inatosha?

#39 Spana_Kumi_na_Saba

Inatosha, vali ni ileile ya gari. Angalia tu mdomo wa pampu yako usiwe wa vali nyembamba. Hesabu: tairi la 3.00-17 lina ujazo wa lita sita hivi. Kufika psi 28 unahitaji karibu lita 12 za hewa ya kawaida. Pampu inayosukuma robo lita kwa pigo moja ni mapigo 48 kwenye karatasi. Kwa pampu iliyochoka na mtu aliyechoka weka 70 au 80. Ukifika 100 na tairi bado laini, washa ya ngozi ndani ya pampu imekauka. Itie tone la mafuta.

#40 Kiraka_Baridi

Na kabla ya kulaumu tyubu, temea mate kwenye vali. Ikipiga povu, kaza pini ya vali kidogo au badilisha. Pini mbili za akiba hazina uzito wowote. Nusu ya "pancha za polepole" zinaishia hapo, mtu kashafungua tairi bure.

#41 Dada_wa_Heru

Nati ya vali nayo. Ile ya chini, inayogusa rimu, watu wanaikaza kwa koleo. Iache legelege, hata mwanya wa milimita tano. Upepo ukipungua, tairi linateleza juu ya rimu na kuvuta tyubu. Nati ikiwa imekazwa shina linachanika. Ikiwa legelege, vali inainama na wewe unaona kwa macho kwamba tyubu imehama, unairekebisha mapema.

#42 Mbigili_Mkavu

Swali kwa mafundi: unaporudisha mdomo wa tairi, unamalizia kwenye vali au unaanzia kwenye vali? Nimeona watu wanakaribia kupigana kwa hili.

#43 Spana_Kumi_na_Saba

Unamalizia kwenye vali. Vali na shina lake vinajaza bonde la rimu, pale mdomo hauzami. Ukimalizia hapo, upande wa pili uko huru kuzama mpaka chini na kipande cha mwisho kinaingia kwa viganja. Kisha sukuma vali juu mara moja isiwe imebanwa chini ya mdomo.

#44 Bodi_la_Gungu

Unaanzia kwenye vali. Ukimalizia hapo, liva ya mwisho inapita pale ambapo tyubu ni nene na imebana, ndipo unapoikata. Kiraka cha shina la vali hakipo duniani.

#45 Spana_Kumi_na_Saba

Ukitumia liva kumalizia, tayari umeshakosea mahali. Mwisho ni viganja.

#46 Bodi_la_Gungu

Viganja kwenye tairi jipya la ply (tabaka) sita? Njoo Gungu unioneshe.

#47 Mleta_Dagaa

Msiende mbali. Kulainisha mdomo mnatumia nini? Huku Ujiji watu wanapaka mawese.

#48 Mzee_wa_Rimu

Mawese hapana. Mafuta yoyote, ya kula au ya injini, yanavimbisha raba, halafu hayakauki. Tairi litateleza juu ya rimu siku tatu nzima na kuvuta vali. Tumia maji ya sabuni. Sabuni ya mawese hiyohiyo sawa kabisa, ikiyeyushwa kwenye maji. Inalainisha, kisha inakauka na kushika.

#49 Mleta_Dagaa

Kwa hiyo mawese hapana, sabuni ya mawese ndiyo. Nimeelewa, mzee.

#50 Tandika_Mkeka

Vipi ile dawa ya maji unayomimina ndani ya vali? Nasikia humjui fundi tena.

#51 Kiraka_Baridi

Kwa tairi lisilo na tyubu ni nzuri. Raba yake nene inaubana msumari na dawa inajaza tundu. Kwenye tyubu, tundu linatanuka na kuchanika kadiri unavyoendesha, dawa inatoka yote. Kisha ukija kubandika kiraka, tyubu imelowa utelezi na hakuna kinachoshika mpaka uioshe kwa maji na kuikausha. Na pini ya vali inaziba.

#52 Mnyamwezi_wa_Asali

Kwa miiba midogo ya mgunga inafanya kazi hata kwenye tyubu, tusidanganyane. Mililita 200 hivi kwa tairi la nyuma, ndipo tundu la mwiba linajifunga bila hata kujua limetoboka. Kwa msumari wa inchi tatu, hapo nakubaliana nawe.

#53 Bodaboda_Mwandiga

Mnaongelea dawa, kiraka, solusheni. Ukikosa vyote? Jioni, kati ya Uvinza na Malagarasi, simu haina mtandao?

#54 Mbigili_Mkavu

Ukiwa na tyubu na kipande cha raba: kunja tyubu pale penye tundu, sentimita tano hivi, funga kwa ukanda wa tyubu kuukuu, zungusha kwa kuvuta kwa nguvu mara kumi na zaidi. Tyubu inakuwa fupi, unaiingiza kwa kuilazimisha, unajaza upepo kidogo. Italeta mtikisiko kila mzunguko, lakini inabeba dereva mpaka kijiji kinachofuata.

#55 Mtu_wa_Nguruka

Au majani. Toa tyubu, shindilia majani ndani ya tairi mpaka isibonyee kwa goti, funga mdomo, tembea.

#56 Dada_wa_Heru

Majani gani? Nyasi kavu zinasagika zikawa unga ndani ya kilomita mbili. Majani makavu ya mgomba yaliyosokotwa kama kamba yanakaa zaidi, Kasulu hayakosekani.

#57 Mnyamwezi_wa_Asali

Nyasi mbichi. Zinashikana. Kavu zinapata joto na unaweza kuona moshi.

#58 Mzee_wa_Rimu

Mbichi zinatoa maji na kupungua, tairi linalegea na kuzunguka juu ya rimu. Vyovyote mtakavyochagua, mwendo usizidi kilomita 15 au 20 kwa saa, na hiyo ni kwa la nyuma tu. La mbele likiwa na majani, sukuma kwa miguu. Usukani hautakutii kwenye kona.

#59 Bodi_la_Gungu

Na pale linapotoboka ukiwa kwenye mwendo: achia moto taratibu, usikate ghafla. Breki ya gurudumu zima ndiyo inayotumika. Nyuma limetoboka, gusa ya mbele kwa upole. Mbele limetoboka, tumia ya nyuma. Usitembelee rimu hata mita mia mbili kutafuta kivuli. Tyubu inasagwa kati ya rimu na tairi, na tundu moja la senti linakuwa kitambaa.

#60 Mwisho_wa_Reli

Nimesoma yote. Narekebisha bandiko langu la kwanza: msumari unaoonekana, usitoe. Miiba, unaweza usitoe. Shina la vali, spoku au saizi ya tyubu, toa tu. Ila bado nasema spana za ekseli wengi wanabeba bila kujua saizi yao. Nyumbani, leo, jaribu yako kwenye nati ya ekseli kabla hujaifunga kwenye keria. Kuna za 17, kuna za 19, kuna kubwa zaidi.

#61 Mtu_wa_Nguruka

Mrejesho kwa kifupi: pamba imenasa. Waya, urefu kama wa punje ya mchele. Ila pia tyubu imeandikwa 3.00-18.

#62 Spana_Kumi_na_Saba

Nilisema waya.

#63 Mzee_wa_Rimu

Nilisema saizi.

#64 Dada_wa_Heru

Utepe wa rimu umeutazama?

#65 Mtu_wa_Nguruka

Utepe gani?